Mama Anapokuulizia

Kaka yangu,

Sisi hatujambo. Bati la jikoni limeacha kuvuja, na cherehani ya mama imepata mkanda mpya, sasa inanguruma kama pikipiki.

Anwani yako tumeipata kwa wanaokudai. Mkopo wako wa chuo ulipokwama, walimwita mama, kwa kuwa ndiye mdhamini wako. Nilimsindikiza. Afisa alimsomea deni lote, akamalizia kwa ukali: "Mwanao akikwepa, utalipa wewe."

Mama akaegemea meza. "Kwani mmempata? Yuko hai?"

Afisa akababaika, akatazama kompyuta. "Amehama juzijuzi, mama. Anwani mpya hii hapa."

Kaka, mama alicheka! Miaka yote ya ukimya wako sijamsikia akicheka vile.

Tangu hapo analipa kidogo kidogo kwa hela ya kushona. Nilimwambia alipe kwa simu, aache kujichosha bure, akanitolea macho. Anakwenda mwenyewe kila mwisho wa mwezi, kwa sababu ukilipa dirishani karani hufungua faili, naye hupata nafasi ya kuuliza, "Bado yupo palepale?" Akijibiwa ndiyo, hurudi nyumbani akiimba. Nami nilidhani namjua mama yangu!

Kwa hiyo ukipata hela za kumaliza deni, nakuomba, mwandikie kwanza. Faili likifungwa, hatakuwa na pa kukuulizia.

Ni mimi, mdogo wako anayekufuata.