Seli Mama Haitoki kwa Mama Yako

Mshauri wetu mpendwa, nakuandikia kwa furaha mpaka kalamu inaruka, mimi naitwa Asumini, nauza vitenge Bariadi mjini, nina miaka hamsini na mbili na magoti yangu yameisha, daktari alinionyesha kwenye picha akasema gegedu limesagika, mfupa unasugua mfupa, na huu ni mwaka wa tatu naswali kwenye kiti, paji langu halijagusa chini, na hilo linaniuma kuliko magoti yenyewe. Sasa wiki iliyopita nikamsikia mtaalamu redioni anasema ndani ya mfupa kuna seli mama, wanachunguza kama zikichomwa kwenye goti zitalitibu, nikaangusha mkasi, nikamshukuru Mwenyezi Mungu palepale mbele ya wateja, maana mama yangu Shifa yu hai, ana miaka sabini na minane, yuko Lalago. Nikampigia. Akasema, "Waje wachukue, mayu, mwanangu, mimi mifupa ya nini, pamba nimeshaacha kulima." Anayenikera ni mdogo wangu Doto, ananiambia, "Dada, alikunyonyesha miaka miwili hukushiba, sasa umerudia mifupa?" Anasema mama ana presha, akitobolewa hatarudi mzima. Lakini kuna bwana ana chumba karibu na stendi, atamtoboa mama nyonga Jumamosi hii na kunichoma mimi siku hiyohiyo, na mama ameshafunga mzigo. Nimsikilize Doto, au ni wivu tu kwa kuwa yeye magoti yake mazima?

Dada Asumini,

Weka gazeti chini, mpigie mama yako umwambie afungue huo mzigo. Nakungoja.

Umeshapiga? Haya. Zinaitwa seli mama kwa sababu zinazaa seli nyingine, za mfupa na za gegedu. Aliyekuzaa hahusiki. Unazo wewe, ndani ya uboho wa mifupa yako, hata Doto anazo na ulimi wake ule. Watafiti mara nyingi huzitoa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, wakazirudisha kwenye goti lake. Wapo waliopata nafuu ya maumivu, wapo ambao hawakuona kitu, na kwamba gegedu huota upya bado haijathibitishwa. Furaha yako siikatazi, mimi mwenyewe habari hizi nazifuatilia kama mkulima anayesubiri mvua. Ila kazi hiyo ni ya hospitali na madaktari bingwa. Kwenye chumba cha stendi utapata usaha.

Na hapa nakugombeza. Ulisikia neno moja ukakimbia nalo, ukamuuliza mwenye sindano badala ya daktari wako. Mama mwenye presha alikubali kwa sababu hajui kukunyima. Wewe ndiye uliyepaswa kumkatalia.

Jumatatu nenda hospitali ya mkoa, waombe mazoezi ya viungo. Mapaja yakipata nguvu, goti linapumua. Uzito ukizidi, upunguze. Muulize daktari wa mifupa kama kuna utafiti unaopokea watu kama wewe. Sala ya kwenye kiti ni sala, imamu wako atakuthibitishia.

Doto muombe radhi. Na mama yako akiuliza mbona hatakiwi tena, mwambie ukweli: mfupa unaotakiwa ni wako, na alishakupa.