Wifi Uliyempa Mbwa Ugali Wangu

Wifi yangu mpendwa,

Ulipoletwa kwetu kutoka Kahama, siku tatu hukugusa chakula, nasi tukafurahi. Bibi harusi anayekula upesi ukweni huitwa mlafi. Wewe ulionekana umefundwa. Lakini hata kaka aliporudi kwenye mgodi wa Wazungu kule Geita, bado ulikuwa unamega tonge moja na kunawa. Hapo nikaanza kukutilia shaka, maana mpishi nilikuwa mimi.

Siku moja nilikuchungulia nyuma ya ghala. Ulikuwa unampa mbwa ugali wangu wa mtama, na mlenda juu yake. Moyo uliniuma, wifi. Nikajua unanidhania mchawi. Halafu, utacheka, nikamfuatafuata yule mbwa hadi jioni nione kama atakufa, na niliyepika ni mimi mwenyewe.

Nilipokuuliza, ulisema, "Wifi, chakula kinanikataa."

"Chakula, au mkono wangu?"

Ukachukua chungu ukaenda kukiosha. Hilo nikalifanya jibu.

Miezi miwili ikapita hujaona damu, na Mama akaanza kutabasamu peke yake. Kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, kwake yote yalikuwa mimba. Akakuwekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akachagua na jina la mjukuu. Lakini mimi nilikuwa naoga nawe lamboni. Niliona tumbo limeingia ndani, mbavu zote nje, nywele zinakatikia mkononi, na vidole vyako vya baridi jua likiwa utosini. Mimba gani hiyo? Ila ningesema huna mimba, wangeuliza unaumwa nini, kisha wangeuliza nani anakupikia. Kwetu wanawake wamefukuzwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nikanyamaza, nikaendelea kukupakulia.

Ulianguka tukipalilia karanga, hukuamka tena.

Kaka alikuja kuzika. Aliniita pembeni akaniuliza, "Alikuwa anakula?" Nikamwambia ulikuwa unakula vizuri. Alinitazama sana. Mpaka leo akija nyumbani hukichunguza chakula changu kabla ya kunawa.

Sijui ulikuwa unaumwa nini. Sijui hata kama kweli uliniogopa. Ninachojua ni kwamba nilijihurumia mimi kuliko wewe, na naona aibu. Mama bado anawalilia wawili, wewe na mjukuu wake. Sijamwambia kwamba tulizika mmoja.

Pumzika, wifi.

Ni mimi, dada wa mumeo.