Mfupa Ulio Chini ya Shavu Langu

Kibabi, Jumanne. Ukungu haujaondoka kilimani tangu asubuhi, na pumzi yangu ni fupi.

Nimewaficha watu jambo moja, hata mke wangu hadi alipofariki. Meno yangu matatu ya juu, upande wa kushoto, yameshikwa na mfupa wa mtu aliyekufa.

Nilisema ni wa ng'ombe. Niliwaambia hivyo hata wachungaji wa kanisa letu.

Binti yangu ndiye aliyenipeleka Nairobi. Daktari wa meno alinionyesha picha: mfupa wa taya la juu umelika, umebaki mwembamba kama ganda la yai, na juu yake kuna uwazi, ule unaouma mtu akishikwa na mafua. Ilibidi ainue ngozi ya ndani ya uwazi huo, ajaze chembe za mfupa, tungoje miezi, ndipo afunge skrubu za kubeba meno. Chembe gani? Aliniachia nichague. Mfupa wangu mwenyewe, ukatwe kidevuni. Wa ng'ombe, ambao mwili unachelewa kuugeuza kuwa wake. Unga wa kiwandani, nao alisema unataka subira. Au wa binadamu aliyekubali akiwa hai utolewe akifa, ukasafishwa na kukaushwa.

Niliogopa kisu, na kungoja sikutaka. Nikatia sahihi kwa ule wa binadamu.

Nilirudi Buleusa, ambako nilikuwa préfet, yaani mkuu wa shule, na mzee wa kanisa. Meno yakiwa bado mapya, baraza letu lilimwita Papa Bauma, mwindaji, rafiki yangu wa miaka mingi. Alikuwa amekutwa na kifupa cha kidole cha marehemu baba yake, ndani ya kifuko cha ngozi, juu ya kitanda. Tulimwambia achague: kifupa au meza ya Bwana.

Hakupaza sauti.

"Ule njo baba yangu," alisema. "Muko nasema nimufukuze mu nyumba?"

Niliyagusa meno yangu mapya kwa ulimi. Tulipiga kura kwa vikaratasi visivyo na majina. Alitengwa kwa tofauti ya kura moja.

Alinisubiri nje. Alinitazama mdomoni, akacheka, maana yeye alibakiwa na meno mawili tu.

"Papa Préfet, na meno hii utatafuna hata mufupa."

Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru. Alisema anajua kikaratasi changu kilikuwa cha kumtetea.

Sikumkatalia.

Alikufa akiwa bado nje ya kanisa. Alizikwa bila wimbo, bila mchungaji. Nilituma habari kwamba nina homa. Sikuwa na homa.

Sasa nakunywa uji tu. Mwili wote umelegea, ila meno yale matatu hayatikisiki. Nitazikwa nayo, na kwaya itaimba.

Papa Bauma, kwenye kikaratasi changu niliandika neno moja: atengwe.