Nati za Tairi la Kushoto

Mama watoto,

Nimekwenda kwa miguu kumtafuta fundi wa kuchomelea. Gari msiliguse. Spana iliyo kwenye sinki ni yangu, nitaiosha mwenyewe, usininunie.

Nati za lile tairi lililoisha upepo zimeshikwa na kutu. Tangu juzi nazimwagia mafuta na kuzigonga nyundo. Leo alfajiri nikaivisha spana bomba, nikaning'inia kama nguo kwenye kamba. Mbili zikakatika. Tatu hazitikisiki.

Mama yangu alichungulia dirishani akasema, "Marehemu baba yako upande wa kushoto alikuwa anafungulia kinyume." Nikamjibu, "Mama, mambo ya gari niachie mimi." Zilipokatika ndipo nikayatazama meno ya nati. Kweli tupu. Siku tatu nilikuwa nazikaza!

Kliniki ya mama ni saa nne. ~~Mwambie tumeahirisha.~~ Usimwambie kitu. Mpelekee chai tu. Yuko ndani ya gari tangu saa moja, amefunga mkanda, kadi ya kliniki mapajani. Nilipopita akaniuliza, "Tunaondoka?"

Nikamwambia, "Sasa hivi, mama."

Baba watoto