Shangazi, Umenifungia Katika Nyumba ya Paka

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinifundisha kwamba mkubwa husalimiwa hata akiwa amelala. Nimeshasalimia, sasa nianze ugomvi.

Ulipokuwa unaumwa uliniambia, "Minza, nikifa nishikie nyumba mpaka arobaini ipite, halafu uende kwako." Nikakubali. Arobaini imepita, mvua za kwanza zimepita, hizi kubwa zimeanza, na mimi bado niko hapa machimboni, nimekaa kwenye kigoda chako, paka tisa wananizunguka miguuni. Neema wangu yuko Shinyanga kwa bibi yake, yuko darasa la tatu, na kila Jumapili ananiuliza kwenye simu nitakuja lini. Namjibu karibuni. Siku hizi hata haulizi karibuni ni lini.

Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ninayo, na aliyeifunga ni wewe. Nimekasirika, Shangazi, na ninakupenda, na sijui niyaweke wapi haya mawili kwa pamoja.

Nakumbuka siku niliyofika. Baba Neema alikuwa amepata kazi kwenye duara la Maduhu, shimo la kuchimbia dhahabu, nami nikamfuata, nimebeba begi na vumbi lote la njia ya Rwamgasa. Nikauliza pale kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, nyumba ya shangazi yangu iko wapi. Wanaume wakacheka. "Mama Paka? Fuata bati la bluu." Nikalifuata, nikasoma: NYUMBA YA PAKA. BARAKA, USHAURI, TIBA YA PAKA NA MBWA. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kwenye ukoo wetu wewe ulikuwa unazungumzwa kwa sauti ya chini. Kule upande wa Mwakitolyo walikufukuza kijijini kwa sababu macho yako yalikuwa mekundu na ulikuwa na paka. Kila mtu alijua macho ya bibi yanakuwa mekundu kwa moshi wa kuni mbichi na mavi ya ng'ombe, miaka nenda rudi jikoni. Walijua, na bado walikuja na mapanga. Uliondoka na khanga moja, na paka ndani ya kikapu.

Kwa hiyo nikakuuliza, "Shangazi, huogopi? Si paka huyohuyo ndiye aliyekufukuzisha?"

Ulikuwa unasafisha sikio la mbwa wa mtu, wala hukuinua kichwa. "Nikimficha, watasema namfuga kwa siri. Nikimwandika kwenye bati, watasema mama anafanya biashara. Watu hawaogopi kitu chenye kibao."

Na kweli ilikuwa biashara. Asubuhi walikuja mama lishe kuazima paka, maana panya walikuwa wanatoboa magunia ya mchele. Walikuja wachimbaji na mbwa wenye ukurutu. Kila mwaka ulimsumbua bwana mifugo mpaka akaja na chanjo ya kichaa cha mbwa, ukapanga mbwa foleni uani, ukawakaripia wenye mbwa kuliko mbwa wenyewe. Bibi yeyote aliyeanza kunyooshewa kidole kijijini kwake ulimchukua akakaa kwako, mpaka wanawe wapate haya waje kumchukua. Halafu wale waliokuja kukaa tu. Mchimbaji aliyefiwa na mwenzake ulimketisha mkekani, ukampa paka mapajani, ukanyunyiza unga wa mtama na maji, ukamwomba Mungu kwanza, kisha wazee wetu, "ili pasiwepo wa kulalamika kasahauliwa". Kisha ukanyamaza. Niliona wanaume wenye vifua hivi wakilia, machozi yakidondokea manyoya ya paka, na paka akikoroma zake.

Lakini siku iliyonifunga kwako hasa ni ile ya Kulwa. Ulikuwa na wale paka mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa akaanza kutetemeka, akawa anatembea upande, anaangukia bakuli lake mwenyewe. Watu wakaanza kunong'ona: Mama Paka karogwa, au kamroga mtu dawa ikamrudia. Wewe hukubishana na mtu. Ulimfuata Kulwa kutwa nzima, ukiwa na fimbo na chupa ya maji, mpaka ukaona anakokunywa. Ni lile bwawa la kuoshea dhahabu, nyuma ya nyumba za watu, wanakomwaga maji yenye zebaki. Watoto walikuwa wanachezea hapohapo.

Kulwa alipokufa ulimfunga kwenye khanga yako nzuri, ile ya harusi ya mama yangu. Tukaenda kwenye mkutano wa kijiji. Ukapita katikati ya watu, ukamlaza juu ya meza ya mwenyekiti, juu ya karatasi zake.

"Mwenyekiti, huyu ametangulia. Wanaofuata wana majina, na baadhi ni wajukuu zako."

"Mama, toa mzoga mezani."

"Nitautoa bwawa likitoka."

Ukakaa chini, ukakunja miguu. Nilitaka ardhi ipasuke. Mkutano ukaendelea hivyohivyo, watu wanazungumza mambo ya barabara huku paka amelala pale. Jua lilipoanza kugeuka walikubaliana bwawa lihamishwe mbali na nyumba. Na likahamishwa kweli. Tuliporudi nilishika pindo la khanga upande wangu, wewe upande wako, na nilijivuna kuwa damu yako.

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe, yaani dagaa.

Kila asubuhi kabla ya kushuka, wachimbaji wa duara la Maduhu walimtuma mwenzao alete dagaa kwenye sahani. Doto akiletewa mlangoni akila, wanashuka. Akigeuza uso, hakuna anayeshuka mpaka kesho yake. Hata Maduhu mwenyewe, mwenye duara, na kofia yake na kelele zake, hakuthubutu kubisha, maana mambo hayo anayaogopa kuliko wao. Mimi nami niliamini. Nilikuwa naamini kabisa, Shangazi, mpaka alfajiri ile ya mvua nilipokukuta jikoni umempakata Doto, unamlisha maziwa na samaki, kijiko juu ya kijiko, tumbo limemning'inia. "Kula, baba, kula."

Uliponiona hukushtuka. "Mvua imenyesha, kuta zimelowa. Maduhu hajabadilisha matimba, miti yote ya kuzuia kuta imeoza. Ningemwambia kwa mdomo angenisikia?"

"Kwa hiyo unawadanganya."

"Nawapumzisha, ng'wanone."

Ng'wanone, mwanangu. Hilo ndilo jina uliloniita kila ulipotaka nishindwe. Nikashindwa.

Ukafa, nami nikaendelea. Mvua ikinyesha naamka mapema, namlisha Doto mpaka anahema, saa moja anawageuzia dagaa mgongo, na Baba Neema anarudi nyumbani kulala. Nilijiona mwerevu. Nilijiona nimebeba siri ya machimbo mazima kichwani mwangu.

Maduhu akachoka. Asubuhi moja, mvua imetoka kupiga, alikuja na paka wake ndani ya boksi. Akasema Doto amezeeka, ana majonzi ya mwenye nyumba, hafai tena. Akalifungua boksi. Shangazi, yule paka alikuwa mbavu tupu. Alikuwa ameshindishwa njaa siku mbili kama si tatu, angekula na boksi lenyewe. Dagaa waliisha kabla sahani haijagusa chini. Maduhu akawaambia watu wake, "Mmeona."

Baba Neema alikuwa amesimama pale, kofia ya taa kichwani. Nikasema, "Huyu paka ana njaa." Maduhu akaniuliza, "Na wa kwako je? Alikuwa na nini?" Ningenyamaza, wangeshuka. Ningejibu, ningekuumbua wewe kaburini. Nikaona bora ukweli, maana nililelewa na mama yangu, na mama yangu alikuwa mtu wa kanisa. Nikasema yote. Nikasema maziwa, nikasema samaki, nikasema Shangazi alifanya hivyo kila mvua iliponyesha, kwa sababu kuta za duara lile zitaua watu.

Nilingoja washangae. Hakuna aliyeshangaa. Jumanne, kiongozi wa zamu yao, yule wa kutoka Singida anayezungumza polepole, akanitazama kwa huruma.

"Mama Neema, sisi tumekua na paka majumbani. Nani asiyemjua paka aliyeshiba?" Akavuta pumzi. "Mchimbaji akisema naogopa, kesho nafasi yake ina mtu mwingine. Paka akikataa, hakuna anayefukuzwa. Hicho tu ndicho tulikuwa nacho."

Maduhu akacheka mpaka akashika tumbo. "Kumbe paka ni paka. Haya, shukeni." Wakashuka.

Kumbe mjinga nilikuwa mimi peke yangu. Wewe ulilisha, wao walijua, na Maduhu ndiye aliyekuwa anadanganywa. Nikaja mimi na ukweli wangu wa kanisani nikamkabidhi yeye. Maji yakimwagika hayazoleki. Niambie, ulijua kwamba wanajua? Kama ulijua, kwa nini hukuniambia? Neno moja tu lingetosha, nami ningefunga mdomo.

Tangu siku hiyo walishuka mvua ikinyesha, walishuka jua likiwaka. Wiki iliyopita kipande cha ukuta kilidondoka, kikafukia ndoo na sururu. Aliyekuwa ameshika ile sururu alikuwa amepanda juu kwenda kukojoa. Baba Neema alinisimulia hayo akiwa anakula ugali, kisha akasema, "Mboga ina chumvi nyingi." Nikamwambia tukimbie, twende Shinyanga, twende hata tukalime. Akasema, "Nikiondoka mimi, anashuka mwingine. Jumanne ana watoto watano." Nilimchukia kidogo kwa wema wake.

Leo mvua imeanza alfajiri. Sikumlisha paka yeyote. Nilifunga khanga kiunoni nikapanda mpaka kwenye duara.

Unaijua miiko yao. Mwanamke ambaye bado anaona siku zake hakanyagi kinywa cha duara. Akikanyaga, dhahabu inakimbia, na duara haliguswi mpaka lisafishwe. Wewe ulipita kwa sababu umri wako ulikuwa umeruhusu. Mimi, miaka yote hii, sikuwahi kuvuka ule uzio wa miti. Leo nimevuka. Wakanipigia kelele, "Mama Neema, rudi!" Baba Neema alikuwa ameshika kamba tayari, akanitazama kama aliyeona nyoka kitandani. Nikashika ngazi nikashuka hatua nne, kichwa changu kikawa usawa wa miguu yao, nikakaa hapo. Nilishika ukuta, udongo ukabaki mkononi, umelowa. Nilitaka kulia, nikaona nikilia watanitoa.

Nilipopanda juu nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Tena leo niko kwenye siku zangu." Kama ni kweli au si kweli, hilo ni la wanawake.

Maduhu alivua kofia. Aliyemcheka paka leo hakucheka. Watu wakaachia kamba, wakarudi nyuma hatua mbili tatu. Jumanne aliinama akatazama buti zake, na niliona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka.

Mchana Maduhu alikuja mlangoni akanisalimu, mpole kama mchumba. "Mwadila, Mama Neema. Duara linahitaji kusafishwa." Maana hapa machimboni maduara yote husafishwa na Nyumba ya Paka, ulilipanga wewe hilo. Nilimwacha asimame kwanza. Kisha nikamwambia siwezi kuanza kabla jua halijakausha kuta, wala kabla matimba mapya hayajaingia, kwa kuwa wazee hawapiti chini ya mti uliooza. Nililitunga palepale. Akaitikia kwa kichwa. Kesho anakwenda kununua miti.

Kwa hiyo nimeshinda, Shangazi, na nimefungwa. Nikiondoka, Maduhu ataleta mganga mwingine, atakayelisafisha duara kwa saa moja na kumwambia ashushe watu. Mvua ijayo watanihitaji, na ile itakayofuata. Kisimani leo wanawake walinipisha foleni bila kunisalimu, mmoja akamvuta mtoto wake asinipite karibu. Nilikuja kuishi na mume wangu, na sasa mimi ndiye mtu wa kusimuliwa kwa sauti ya chini. Ulitaka hivi? Sitaki kujua.

Jioni nitampigia Neema. Sitasema karibuni. Nitamwambia siji, mama ana kazi isiyo na likizo wakati wa mvua. Atalia, na mimi nitashindwa kuendelea. Ndipo baba yake atakaponinyang'anya simu azungumze naye, kwa sababu leo hakushuka, na atakuwepo.

Pumzika, Shangazi. Hasira zangu zikiisha nitakuja kung'oa majani kaburini kwako.

Mtoto wa kaka yako,
Minza