Binti Yangu na Makaa ya Mtakatifu

Mpendwa mshauri Kiria Poliksene, naomba msaada kabla sikukuu ya Mtakatifu Konstantino haijafika maana hata usingizi sipati, nina binti mmoja, Vaia, ana miaka tisa, na tangu mdogo ni mtoto wa kuzama, akiwa kwenye hadithi humwiti akasikia, maziwa yanafurika jikoni naye kasimama hapohapo kaukodolea macho moto, akisikia zeze analia, na Jumapili, kwenye nyumba ya ikoni, zile picha takatifu, ngoma ilipoanza alitetemeka akashika kitambaa chekundu cha Mtakatifu Konstantino akasema, "Bibi, kuna mtu nyuma yangu, ananipenda," basi mama mkwe akapiga yowe, "Ameitwa! Hii damu yangu!" na sasa anataka siku ya sikukuu mtoto acheze miguu mitupu juu ya makaa ya moto, kama ilivyo desturi ya hapa, pamoja na wakubwa walioitwa, ati anayeitwa akikataa huugua, mume wangu Stergios kanywea, nami nilipobisha mama yake akaniambia, "Wewe mtu wa kuja, umeletwa hapa na lori la matikiti, utajua nini?" naogopa makaa, naogopa isije ikawa ni wazimu, na naogopa zaidi kwamba nikimzuia mtakatifu atamchukua, nifanye nini?

Lemonia, karibu na mji wa Serres

Lemonia mwanangu, pole. Sasa ngoja nikugombeze.

Mimi nimekulia kwenye nyumba hizohizo za ikoni. Watu kama Vaia wapo, na waliosomea mambo ya nafsi wanawajua: wepesi wa kuzama katika wanachosikia, wepesi wa kuona picha kichwani, wepesi wa kuhisi kuna mtu karibu. Ndio hupata maono kuliko sisi wenye vichwa vigumu. Huo si wazimu, maadamu anakula, anacheza na anasoma. Akianza kuanguka au kupotewa na fahamu, mpeleke kwa daktari, si kwa mama mkwe.

Alichohisi sikikanushi. Lakini mtoto kasema anapendwa, nyinyi mkasikia moto! Hamwoni haya?

Huyo Stergios afumbue kinywa, ni mama yake yule. Asipofumbua, siku ya sikukuu mchukue Vaia asubuhi na mapema, kabla ngoma haijalia, mwende kwa ndugu zako. Usiombe ruhusa. Ukitishiwa ugonjwa, mjibu bibi kwa adabu kwamba aliyeita, kama ni mtakatifu, atangoja mtoto akue. Asiyeweza kumngoja mtoto akue si mtakatifu, mama, na huyo usimpe mwanao.