Chumba cha Wageni cha Mama Neema

Shikamoo shangazi,

Upepo wa Mpwapwa ni wa vumbi, ila mlenda wa Mama Neema, mwenyeji wangu, unanifariji. Kazi iliyonileta ni kuuliza watu dawa wanazotumia nyumbani. Jana, nilipofika kwake, nilimuuliza kuhusu dawa ya kuhifadhia mahindi, ya kupe na ya mbu. Kwa kila moja alijibu, "Kidogo tu, mwanangu," na kweli ilikuwa kidogo.

Mchana jua likawa kali, akasema nikapumzike chumba cha wageni. Kwa kunijali akakipulizia dawa ya mbu kwanza. Nikajilaza pembeni ya magunia ya mahindi yenye dawa, na bomba la kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe limetundikwa ukutani. Kabla sijapata usingizi kichwa kikaanza kuniuma. Zile "kidogo tu" zake zote zilikuwa humo, nikizivuta kwa pamoja.

Nilipomweleza akasema, "Mjukuu wangu Rehema hulala humo kusipokuwa na mgeni. Kila asubuhi analia kichwa kinamuuma."

Jioni tulihamishia magunia na bomba bandani, tukaacha madirisha wazi. Rehema nikalala naye sebuleni. Leo ameamka anadai uji, kichwa hajakitaja.

Ahsante, shangazi. Ni wewe uliyenifundisha kwamba mwenyeji akikutandikia kitanda, unalala hata kama huna usingizi. Ningekataa, ningeondoka hapa na majibu ya "kidogo tu" peke yake. Mungu akutunze.

Mwanao, Zawadi